Pete za Manjano za Kuku wa Annie

Félicité, ambaye kijiji kizima cha Kiringye, katika bonde la mto Ruzizi upande wa Kongo, humwita Mama Ushindi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alijaliwa macho makali. Akiwa katikati ya shamba lake la mpunga, angeweza kumtambua kwa mwendo tu mtu anayekuja kutoka upande wa Luvungi, kabla wengine hawajaona hata vumbi. Lakini hakuna kitu alichokiona vizuri kama uwanja wa Annie. Annie akinunua sufuria, Félicité alijua kabla haijapikiwa. Annie akipata mgeni, Félicité alijua mgeni kakalia kiti gani.

Hawakutoka tumbo moja. Mama zao ndio waliokuwa ndugu, na mama yake Félicité alipofariki, bibi yao, ambaye tayari alikuwa akimlea Annie, alimchukua naye, akawalea wote wawili kwenye mkeka mmoja. Félicité alikuwa mkubwa kwa mwaka na nusu. Ulipofika wakati wa shule, bibi aliweza kumsomesha mmoja tu.

"Weye ni mukubwa," alimwambia Félicité. "Utaelewa."

Félicité akaelewa. Alibaki kufukuza ndege kwenye mpunga kwa kupiga bidoni, yaani dumu tupu, na kila asubuhi akamwona Annie akipita na daftari mkononi, miguu imepakwa mafuta. Kuelewa alielewa, kusahau ndiko kulikomshinda.

Wakakua, wakaolewa katika nyumba zinazotazamana. Annie alimpata Luc, mchuuzi wa Luvungi, na nyumba yao ikawa ya kwanza upande ule kuezekwa kwa bati. Félicité alimpata Octave, mkulima wa maneno machache na moyo mwema. Lakini moyo mwema hauonekani kutoka barabarani kama bati linavyoonekana.

Asije mtu akadhani Félicité alikuwa mtu mbaya. Annie aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa tatu, njia ikiwa imekatwa na mafuriko, ni Félicité aliyempokea mtoto yule kwa mikono yake. Luc alipougua, ni Félicité aliyechota maji ya nyumba mbili. Alisaidia kwa mikono yote, na wivu akauweka machoni, mahali ambapo haukumzuia kufanya kazi. Hivyo ndivyo alivyoishi hadi akatimiza miaka arobaini na sita, na hapo ndipo kuku walipoingia katika habari yake.

Kiangazi cha mwaka 2022 kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, kilipita bondeni kama moto wa nyasi. Kuku walipinda shingo, wakazunguka na kuzunguka, wakaanguka. Félicité alizika kuku kumi na wanne kwa siku tano. Kwa hiyo mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, alipofika daktari wa mifugo kutoka Uvira, mwanamke kijana aliyeitwa Eliane, amekaa nyuma ya pikipiki na kisanduku cha barafu magotini, akina mama walimzunguka haraka. Eliane alifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa. Lakini siku ile hakuja kuchanja. Alikuja kuuliza mimea inayotoa povu.

"Dokta anatafuta sabuni!" akina mama wakacheka.

Félicité hakucheka. Alimshika mkono, akampandisha hadi kwenye korongo lililo juu ya kijiji, ambako mmea mmoja wa kutambaa ulikuwa umefunika mawe yote, na vishada vyake vya matunda madogo vikining'inia. Warundi wa ng'ambo ya Ruzizi huuita umwokora. Bibi yake Félicité aliuita sabuni ya maskini, maana ndio aliofulia nguo zake maisha yake yote. Félicité aliponda matunda machache kwenye jiwe, akayanyunyizia maji, akasugua. Povu likapanda hadi kwenye vifundo vya mikono.

Eliane alifurahi kama mtu aliyeokota pete ya harusi. Wakati wa kushuka Félicité alimwuliza, "Ile sabuni na chanjo, binakutana wapi?"

"Mama, ulishafukuza ndege mu mupunga?"

"Utoto wangu yote."

"Basi. Chanjo ya virusi vilivyouawa ni kama muntu anakuja kukuambia polepole: ndege bamefika. Unasikia, lakini usingizi iko inakubeba. Kuamka, mupunga umekwisha. Sasa ile kitu ya mu mumea njo bidoni. Haifukuzi ndege yenyewe. Inaamsha walinzi wa mu mwili, ili habari ya chanjo ibaingie kweli, baikumbuke mwaka muzima. Sisi tunaiita kichocheo cha chanjo."

"Basi nichemushe tu, ninyweshe kuku yangu."

Eliane alisimama. Walipofika uwanjani aliomba kuku mmoja, akamtoa matone machache ya damu chini ya bawa, akayagawa katika vichupa viwili vyenye maji ya chumvi. Katika kimoja akadondosha povu la korongoni. Kile cha kwanza kilibaki kizito, chekundu kama udongo wa mafuriko. Cha pili, mbele ya macho yao, kikawa chekundu kisafi, kikipitisha mwanga kama kinywaji cha sherehe.

"Damu yake imepasuka," Eliane akasema. "Kile kinachoamsha, kikizidi, kinaua. Juu ya ile tunakitenga kule maabara, tunatoa sehemu yenye sumu, tunapima kidogo kidogo mpaka tupate kinachoamsha bila kuumiza. Usichemushe, mama. Nakuomba."

Félicité hakuchemsha. Lakini tangu siku ile, popote alipokaa, alisema "mumea wangu". Alisema hivyo mtoni, sokoni Luvungi, hata kanisani baada ya matangazo. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho Annie hana.

Mwezi wa nne Eliane akarudi na majaribio. Nyumba arobaini zilichaguliwa, za Kiringye na za Katogota, kila moja kuku kumi. Kulikuwa na chupa mbili. Zote zilikuwa na chanjo ya kideri, kwa hiyo hakuna kuku ambaye angeachwa bila kinga. Ila moja tu ndiyo iliyochanganywa na dawa ya mmea. Kila mama angetumbukiza mkono katika mfuko bila kuangalia, akatoa fungu la pete za plastiki za kuvisha kuku miguuni: za manjano au za bulu, kila pete na namba yake. Wenye manjano wangechomwa kutoka chupa moja, wenye bulu kutoka nyingine.

"Na ni rangi gani iko na ile ya povu?" mama mmoja akauliza.

"Hata minye sijui," Eliane akajibu. "Jibu liko mu bahasha, kwa Dokta Bonaventure, mukubwa wangu wa Uvira. Nikijua, macho yangu itapendelea."

Annie alitoa manjano. Félicité alitoa bulu.

Pale pale neno likazaliwa kwamba manjano ndiyo yenye dawa. Lilizaliwaje, hakuna ajuaye. Mmoja alisema manjano ni rangi ya kiini cha yai. Mwingine alisema dokta amepiga picha na kuku wa Annie, siyo wa mtu mwingine, na kweli alipiga, kwa sababu uwanja wa Annie ulikuwa na mwanga. Na kabla jua halijashuka kila mtu aliamini.

Hilo Félicité angeweza kulimeza. Lililomkaba ni jingine. Makaratasi ya kukubali majaribio yalikuwa ya Kifaransa, na Annie, ambaye wengi humwita Mama Jolie kwa jina la binti yake, ndiye aliyesimama akawasomea wenzake, akifafanua neno kwa neno kwa sauti yake ya shule. Mwishoni Eliane akasema mbele ya wote, "Tupigie makofi Mama Jolie, ametusaidia sana." Makofi yakapigwa. Korongo halikutajwa. Félicité naye alipiga makofi, na viganja vyake vilimwasha hadi nyumbani.

"Mumea nilionyesha minye," alimwambia Octave wakila. "Minye. Na sasa unaingia mu kuku ya Annie."

"Bote banapata chanjo," Octave akasema.

"Ya kwake iko na bidoni. Ya kwangu iko na muntu wa kusema polepole."

Octave akachovya ugali wake kwenye mchuzi. Kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha.

Kuku walikuwa wavishwe pete kwanza, watolewe damu, kisha wachanjwe juma linalofuata. Katikati ya siku hizo Annie akavuka njia. Binti yake Jolie, aliyeolewa Uvira, kule Kavimvira, alikuwa karibu kujifungua.

"Yaya," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita Félicité tangu utoto, kwa heshima ya dada mkubwa, "nibakishie kuku yangu kwako siku kumi. Dokta anakuja kuchoma sindano minye niko kule. Siko na muntu mwengine wa kuaminia."

"Balete," Félicité akasema.

Siku ya Mungu asubuhi alisema tumbo linamsokota. Octave na majirani wakaenda kanisani, kijiji kikabaki kitupu, na nyimbo zikawa zinasikika kwa mbali. Félicité akafunga mlango wa banda, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akamchukua kuku wa kwanza wa Annie mapajani. Pete ilifunguka kwa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ndio uliomtisha kidogo. Akaivisha kwenye mguu wa kuku wake wa madoadoa, yule aliyempenda kuliko wote, na pete ya bulu ya madoadoa akamvisha kuku wa Annie. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Kila alipombana kuku, alijiambia kwamba haibi. Mmea ni wake. Anaurudisha nyumbani tu. Kufikia wimbo wa sadaka kuku wake wote kumi walikuwa na manjano, na wa Annie wote walikuwa na bulu.

Octave aliporudi alimkuta ananawa mikono.

Siku ya pili yake Eliane akafika na chupa zake mbili. Kuku wote ishirini walikuwa uwanja mmoja, na namba zote za daftarini zilikuwepo. Nani angejua?

"Namba sitini na moja. Manjano. Ya Mama Jolie," Eliane akasoma.

Félicité akamleta madoadoa, akamshika barabara, bawa limefunuliwa, hata tone moja lisimwagike. Alipoona sindano inaingia, furaha ilimpanda kooni, tamu na chungu kwa pamoja, kama tunda lisiloiva vizuri. Walipomaliza, Eliane akamshukuru kwa kazi nzuri. Kesho yake Félicité akazirudisha pete zote mahali pake: manjano kwa Annie, bulu kwake.

Annie akarudi kutoka Uvira na habari za mjukuu wa kike, na mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na kipande cha kitenge kwa ajili ya yaya wake. Kuku wake walikuwa wazima, wameshiba. "Ulinitunzia kama bako," alisema. Félicité alikipokea kitenge kwa mikono miwili. Kilikuwa kizuri kuliko chochote alichowahi kumpa Annie, na hilo nalo likamchoma. Alikiweka chini ya sanduku, hakukishona.

Juma la nne baada ya sindano damu ikatolewa tena, ikapelekwa Uvira. Kisha kiangazi kikaja, na mwezi wa nane kideri kikarudi kutoka upande wa Katogota.

Félicité alingoja bila wasiwasi. Siku ya tatu madoadoa aliinamisha kichwa. Siku ya nne shingo ilipinda. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, hadi saba kati ya kumi wakawa wamekufa. Kwa Annie alikufa mmoja tu.

Alisimama kwenye uzio akiwatazama kuku wa Annie wakichakura majani kama wafalme, na hasira iliyomjaa haikuwa hata na jina. Hata nikimwibia, aliwaza, yeye ndiye anayepata!

Ilikuwa mtoni ndipo alipoelewa. Akina mama walikuwa wakilinganisha hasara zao, na ikawa kila mwenye bulu kuku wake wamesimama, na wenye manjano wamepoteza nusu.

"Kumbe bulu njo iko na dawa!" mmoja akasema.

"Lakini Mama Jolie iko na manjano, na kuku yake banapona."

"Ile ni Mungu wake tu."

"Na Mama Ushindi iko na bulu, na bamekufa saba!"

Wote wakamgeukia kwa huruma. Félicité alishika ndoo yake, akaiinua kichwani nusu haijajaa, akaondoka. Njiani akaitua ndoo, akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Dawa ilikuwa kwake tangu mwanzo. Mkono wake mwenyewe ndio ulioitoa mfukoni siku ile, na mkono wake mwenyewe ndio uliompa Annie.

Mwezi wa tisa Eliane alikuja bila kisanduku. Alikuwa amekonda. Aliwakalisha Annie na Félicité kwenye benchi la Annie, akawaeleza polepole. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Dawa ya mmea ilikuwa kwenye chupa ya bulu, na ilifanya kazi kuliko walivyotumaini: damu ya kuku wa bulu ilikuwa na kinga nyingi maradufu, na hakuna aliyevimba wala aliyeacha kutaga. Katika nyumba thelathini na nane mambo yalikuwa hivyo. Katika nyumba mbili, hizi mbili, yalikuwa kinyume kabisa.

"Dokta Bonaventure anasema nilichanganya chupa," Eliane alisema. "Na kama nilichanganya hapa, nani ataamini kwamba sikuchanganya kwengine? Kazi yote ya mwaka inaweza kutupwa. Bamama, munikumbushe siku ile. Nilifanya nini?"

"Minye sikuwepo," Annie akasema. "Yaya njo alikuwa."

Macho ya wote wawili yakaja kwa Félicité.

"Ulichoma vizuri," akasema. "Mambo ya chupa minye sijue."

Eliane akaandika hivyo kwenye daftari lake, akaaga.

Asubuhi yake Félicité na Octave walikuwa wakipalilia muhogo. Octave akaegemea jembe. "Siku ya Mungu ile, nilikuta pete moja ya manjano imeangukia pa mulango ya banda," alisema. "Niliiokota, nikaiweka pa dirisha. Kesho yake haikuwepo, ilikuwa pa mguu ya madoadoa yako."

Félicité hakuinua kichwa. "Juu ya nini haukusema?"

"Jaluzi, ile wivu, ni yako. Nilingoja uiseme mwenyewe." Akapiga majembe mawili matatu. "Lakini ule mutoto wa bantu atapoteza kazi."

"Unafikiri naogopa haya?" Félicité akalipuka. "Siogope haya. Nikisema, Annie njo atakuwa muntu aliyekosewa! Bote batamuhurumia. Batasema, angalia vile alimuaminia, angalia vile alimufanya. Hata mu zambi yangu, yeye njo atatoka muzuri!"

Octave alimtazama mkewe kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza jina halisi la ugonjwa. "Ni kweli," akasema. "Atatoka muzuri. Na weye utasema vilevile."

Siku ya tatu Félicité akapanda gari la kwenda Uvira. Kituo kilikuwa karibu na ufuo. Ndagala walikuwa wameanikwa mchangani, na harufu yao iliingia hadi ofisini, ambako Dokta Bonaventure, mwanaume mnene wa miwani, alikuwa na rundo la karatasi mbele yake. Eliane alikuwa amekaa kando. Félicité hakukubali kiti.

"Dokta, huyu mutoto hakuchanganya chupa," alisema. "Ni minye nilibadilisha pete. Nilitia manjano ya Mama Jolie kwa kuku yangu, na bulu yangu kwa kuku yake. Kiisha sindano nikarudisha."

Bonaventure alivua miwani. "Juu ya nini, mama?"

"Nilisikia manjano njo iko na dawa. Na mumea ni minye niliuonyesha. Niliona unaenda kwa mwengine."

Bonaventure aliuliza maswali mengi baada ya hapo: namba zipi, siku gani, saa ngapi, walioona ni nani. Félicité alijibu moja baada ya jingine, na Bonaventure akaandika yote. Mwishowe akasema kwamba nyumba zile mbili zitatolewa kwenye hesabu, na sababu itaandikwa wazi, na zile thelathini na nane zitabaki. "Umetupotezea kazi, mama," akasema bila kupaza sauti. "Lakini ungenyamaza, ungetupotezea yote." Kisha akamgeukia Eliane, akamwomba radhi mbele ya mgeni, jambo ambalo wakubwa hawalifanyi mara nyingi.

Eliane alimsindikiza Félicité hadi mlangoni. Hakuwa na uso wa kusamehe. "Nilikuuliza, mama," alisema. "Nilikuuliza nikiwa nakuangalia mu macho." Akafungua daftari lake la zamani, lililochakaa pembe, akamwonyesha ukurasa wa mbele. Félicité alijua herufi kiasi. Alizifuata kwa kidole. Ilikuwa tarehe ya mwezi wa pili, na chini yake: *Mmea ulionyeshwa na Bi Félicité, Kiringye.*

"Tangu siku ya kwanza iko hapa," Eliane akasema. "Na kwa Mama Jolie siendi minye. Ile ni njia yako."

Félicité hakupitia nyumbani. Alishuka garini akaenda moja kwa moja kwa Annie, akamkuta anachagua mawe kwenye mchele, ungo mapajani. Alisema yote akiwa amesimama. Annie hakuacha kuchagua. Vidole vyake viliendelea, jiwe huku, chenga kule, hata baada ya maneno kwisha.

"Kwa hiyo kuku yangu banapona juu ya wizi yako," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

Annie akacheka mara moja, kicheko kikavu. Kisha machozi yakamlenga. "Yaya, ungeniomba tubadilishane, ningekupa. Ningekupa bote kumi."

Na hilo ndilo lililomuumiza Félicité kuliko matusi ambayo angetukanwa, kwa sababu alijua ni kweli. "Njo ile nachukia," akasema. "Weye kutoa haikuume. Tangu tuko batoto haikuume. Juu ya nini haikuume?"

Annie akainuka. Akaingia ndani na ungo wake.

Miezi mitatu hawakuvuka njia. Walipokutana mtoni walisalimiana kama watu wa vijiji viwili. Annie hakumwambia mtu yeyote, hata Luc. Félicité alijua, maana kijiji kingekuwa kimemjia juu. Hilo nalo lilimkosesha raha: hata kwa kunyamaza, Annie alimzidi. Kazi ndiyo iliyompa pumzi. Kituo kilihitaji matunda mengi ya korongoni kwa majaribio makubwa zaidi, na Eliane, uso bado umekunjwa, alimtuma mtu kumwita kwa sababu hakuna mwingine aliyejua matawi yapi yamekomaa. Félicité akawa anachuma na kuanika. Habari za bulu zilipoenea, akina mama wakaanza kupanda korongoni na sufuria zao, wakitaka kuchemsha. Aliwarudisha kwa ukali. Aliwaeleza damu inayopasuka ndani ya kichupa, na kila asiyeamini alimtajia kuku gani wa nani aliyekufa, maana wachache walikuwa wameshanywesha. Walimsikiliza, kwa kuwa alikuwa na sauti iliyozoea kufukuza ndege.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imeshika, Félicité alivuka njia. Alikuwa na kikapu kitupu. Alisimama mlangoni kwa Annie, na maneno aliyokuja kuyasema yalimkwama, maana katika miaka yake yote arobaini na sita hajawahi kumwomba Annie kitu. Alikuwa amempa, amemtazama, amemchukulia. Kuomba, hata siku moja.

"Nakuomba mayai," alisema. "Ya kulalisha. Kuku yangu moja anataka kuatamia, na mayai yake yote imeharibika."

Annie alimtazama, akatazama kikapu. Akaingia stoo, akakaa kidogo, akatoka na mayai kumi na mawili, akayapanga kikapuni kwa majani makavu, moja moja.

"Asanti, Annie."

"Karibu, yaya."

Félicité alikuwa amefika katikati ya njia alipofunua majani kuangalia. Yalikuwa madogo. Siyo moja wala mawili: yote kumi na mawili yalikuwa madogo, ya makoo wachanga wanaoanza kutaga, na alijua vizuri kwa macho yake makali kwamba stoo ya Annie ilikuwa na makubwa, maana aliyaona jana yakiingizwa. Annie alikaa mle ndani akayachagua. Aliyashika makubwa, akayarudisha. Kwa mara ya kwanza, kutoa kulimuuma.

Félicité alisimama pale pale barabarani, mvua ikimnyeshea, akaanza kucheka. Alicheka hadi pikipiki ikampigia honi apishe njia. Alifika nyumbani bado anacheka, na Octave akatoka kuuliza kuna nini.

"Amenichagulia madogo!" Félicité akasema, akijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Annie! Amenichagulia madogo!"

Octave alitazama kikapu, akamtazama mkewe, asielewe kwa nini jambo hilo lifurahishe mtu. Félicité naye hakumweleza. Aliingia bandani, akayaweka mayai yale moja baada ya jingine chini ya kuku, na baada ya siku ishirini na moja vifaranga tisa wakatoka.